Gurudumu Lililonuka Nyama ya Kondoo

Miaka ile ya hamsini, kabla watu wa Keringet hawajajua lami ni nini, lori la Kimaiyo lilijulikana kwa masikio kabla ya macho. Lilipanda kilima likikohoa. Lilishuka likilalamika. Mbwa walilibwekea kutoka mbali, na akina mama waliotaka kupeleka viazi Molo ndipo walipoanza kufunga magunia. Hawakukimbia. Lori lenyewe halikuwa na haraka na mtu.

Ah, siku zile! Waliokuwa watoto wakati huo ni wazee sasa, na wakikutana bado wanaigiza sauti ya lori hilo kwa midomo, wakicheka hadi machozi. Asubuhi za milima ya Mau zilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Umande uliganda kwenye nyasi. Moshi wa kuni ulipanda taratibu, na upepo ukivuma kutoka kiwanda cha mbao, kijiji chote kilinukia unga wa mierezi. Maisha yalikuwa magumu, tusidanganyane. Lakini yalikuwa na harufu nzuri.

Kimaiyo alikuwa dereva wa kiwanda hicho kwa miaka mingi. Kiwanda kiliponunua lori jipya, yeye alichukua lile kuukuu. Lilikuwa limechoka, lakini lilikuwa lake. Kila Alhamisi alibeba viazi, maziwa na watu.

Mkewe, Cheptoo, alikaa nyuma pamoja na akina mama wengine, juu ya magunia. Kiti cha mbele kilikuwa cha baba mkwe wake, mzee Kosgei. Hakuna aliyekikalia hata siku ambazo mzee hakusafiri.

Mzee Kosgei alikuwa na shida ya macho. Walimpeleka kwa daktari Nakuru. Daktari alisema jicho la kulia limekwisha kufa, na la kushoto linafuata. Ni presha ya macho, alisema, na mngemleta mapema tungelisaidia. Mzee alibaki akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta. Tundu lilikuwa likizidi kuwa dogo.

"Hilo lililobaki litaona hadi lini?" Kimaiyo alimwuliza daktari.

"Huenda likafika hadi mvua kubwa. Huenda lisifike."

Mzee aliposikia hivyo hakulia. Alikuwa na ombi moja tu.

"Nipelekeni Rongai," alisema. "Nataka kuona mahali nilipozaliwa."

Alizaliwa huko chini, kando ya mto, kabla ya waya na mashamba makubwa. Walipohamishwa na wazungu alikuwa kijana mwenye nguvu. Miaka zaidi ya arobaini ilipita, na hakurudi hata siku moja. Sasa pale pote palikuwa shamba la mkonge la mzungu.

"Namjua nyapara mmoja huko, Kipkoech," Kimaiyo alisema. "Anaweza kuja akuhadithie palivyo."

"Sitaki kuhadithiwa," mzee alijibu. "Nimehadithiwa vya kutosha. Nataka kuona kwa hili jicho lililobaki."

Basi Kimaiyo akatuma salamu. Kipkoech akazungumza na meneja, na meneja akakubali: waje Jumapili yoyote ya mwezi huo, watazame, waende. Ilibaki safari tu.

Alhamisi moja kabla ya safari, Cheptoo alisikia kitu. Alikuwa amekaa nyuma, upande wa kulia, miguu yake juu ya mbao za lori. Sauti ilitoka chini yake. Vuuu, vuuu, vuuu. Lori lilipokata kona, sauti ilizidi. Alihisi mtetemo kwenye nyayo.

Walipofika nyumbani alimwambia mumewe.

"Baba Chepkemei, kuna kitu kinavuma chini yangu."

"Ni barabara hiyo. Imeharibika."

"Barabara iko mahali pake. Hicho kinachovuma kinatembea na sisi."

Kimaiyo alicheka. Lakini Cheptoo hakuwa mtu wa kusema neno bure. Basi mumewe akachukua spana, akafungua boliti za katikati ya gurudumu la nyuma, akachungulia. Ndani palikuwa pakavu. Grisi iliyobaki ilikuwa ngumu na nyeusi.

"Kweli pamekauka," alisema. "Na kopo la grisi limekwisha. Nitapata wapi grisi leo?"

Hapo ndipo Cheptoo alipofanya kosa, tena kwa roho safi kabisa.

Mnajua mafuta ya mkia wa kondoo katika nyumba zile. Yalikuwa dawa ya kila kitu. Mtoto akizaliwa, anapakwa. Kifua kikibana, unakunywa kijiko. Mkanda wa ngozi ukikauka, mafuta ya kondoo. Mlango ukilia, mafuta ya kondoo. Cheptoo aliyakaanga mwenyewe na kuyahifadhi kwenye kibuyu, na mafuta yake yalisifiwa kijiji kizima.

"Kwani gurudumu ni nani likatae?" alisema. Akaingia ndani, akamletea mumewe kibuyu kwa mikono yake miwili.

Kimaiyo akafurahi. Akashindilia mafuta kwenye gurudumu la kulia. Kwa kuwa yalibaki, akashindilia na la kushoto. Akafunga boliti. Siku mbili, kwenye safari fupi za kijijini, lori lilienda kimya. Akina mama wakampongeza Cheptoo, naye akatembea amenyoosha shingo.

Jumapili ikafika. Mzee Kosgei aliamka mapema kuliko jogoo. Alioga, akavaa koti lake zito, akachukua fimbo. Cheptoo akafunga viazi vya kuchemsha na chupa ya maziwa. Akapanda nyuma. Kimaiyo akazungusha mpini wa kuwashia, injini ikawaka, wakaondoka.

Hawakufika mbali. Walipopita kiwanda cha mbao, mteremko mrefu ulianza. Ile sauti ikarudi. Sasa haikuvuma tena, ilisaga, kama jiwe la kusagia wimbi. Kisha harufu ikaja. Huko mbele mzee Kosgei akainua pua.

"Nani anachoma kondoo asubuhi hii?" aliuliza.

Kimaiyo naye alinusa, akashangaa. Cheptoo nyuma hakushangaa. Aliona moshi ukitoka katikati ya gurudumu la kulia. Akapiga paa la kibanda cha dereva kwa ngumi zote mbili.

"Simama! Simama! Gari inaungua!"

Kimaiyo akakanyaga breki. Zilishika nusu. Lori likavuta upande wa kushoto, na huko kushoto hakukuwa na kitu, bonde tu. Akageuza usukani kwa nguvu. Akaingiza gia ya chini kabisa, injini ikapiga kelele. Lori likapunguza mwendo, likaegemea ukingo wa udongo upande wa kulia, likakwaruza, likasimama.

Moshi ulipanda taratibu.

"Tumefika?" mzee Kosgei akauliza.

Cheptoo alikuwa bado ameshikilia ukingo wa lori. Swali hilo lilimchoma kuliko moto.

Mtu wa kwanza kuwafikia alikuwa Amarjit. Amarjit Singh alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, na nyumba yake ya mbao ilikuwa juu kidogo ya barabara. Alikuwa amevaa nguo safi za Jumapili na kilemba cha buluu. Aliinama karibu na gurudumu, akaleta mgongo wa mkono wake karibu bila kugusa. Akanusa.

"Kimaiyo," alisema, "hii ni gari ama ni jiko?"

"Ni mafuta tu, fundi. Nilipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

Kimaiyo alikohoa. Alitazama viatu vyake. Cheptoo akashuka.

"Mafuta ya kondoo," alisema. "Mimi ndiye nilimpa. Nilifikiri nasaidia."

Alingoja fundi acheke. Amarjit hakucheka. Aliokota kijiti, akatoa tone la mafuta yaliyokuwa yanadondoka kutoka gurudumuni.

"Mama, wewe ukiweka mafuta haya kwenye sufuria motoni, yanafanya nini?"

"Yanayeyuka. Yanakuwa kama maji."

"Basi. Gurudumu likizunguka linapata moto. Mafuta yako yanayeyuka, yanakimbia. Chuma kinabaki uchi, kinasagana na chuma. Grisi ya gari imetengenezwa kukaa palepale hata pakiwa moto. Tena mafuta ya mnyama yanachacha, yanashika maji, chuma kinapata kutu. Na unajua yalikimbilia wapi?"

Cheptoo alitikisa kichwa.

"Kwenye breki. Ndiyo maana gari haikushika. Breki haitaki mafuta hata tone."

Cheptoo akafunika mdomo kwa kanga. Alitazama lile bonde. Alimtazama mzee aliyekaa mbele na fimbo yake, akiangalia mahali pasipo na kitu.

Gurudumu lilipopoa, Amarjit akaweka mawe mbele ya magurudumu mengine, akainua lori kidogo kwa jeki. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Koch, koch.

"Umesikia? Gurudumu lililo zima halichezi. Beringi za ndani zinazolizungusha zimekwisha."

"Nitatia mafuta mengine twende polepole," Kimaiyo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Fundi, baba ananingoja. Jicho lake halingoji."

Amarjit alisimama. Akajipangusa mikono.

"Ukienda hivi, gurudumu litachomoka njiani. Unataka mzee aone Rongai, ama aone bonde linakuja usoni?"

Kimaiyo akamtazama baba yake.

"Nipe wiki moja," Amarjit alisema. "Jumamosi kazi inaisha mchana. Nitakuja nyumbani kwako na tutafanya pamoja. Wewe mwenyewe utafanya. Mimi nitasema tu."

Ng'ombe wa kiwanda, wale wa kukokota magogo, walilivuta lori hadi nyumbani, hatua kwa hatua. Watoto waliwafuata wakiimba. Kimaiyo alishika usukani akiwa ameinamisha uso.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa Cheptoo. Kila asubuhi mzee aliuliza, "Leo ni siku gani?" Jumanne Cheptoo alimletea chai. Mzee akanyoosha mkono, ukapita kando ya kikombe. Akanyoosha tena, ukapita tena. Cheptoo akaushika mkono ule, akaupeleka penye kikombe. Cheptoo akatoka nje, akasimama nyuma ya ghala, akalia. Ni mimi, alijiambia. Kibuyu changu ndicho kilichomnyima.

Jumatano Amarjit alipita jioni, akamwonyesha Kimaiyo namna ya kutoa beringi za zamani. Alimkataza kitu kimoja tangu mwanzo. Kimaiyo alikuwa amepanga mawe apate kuegemeza lori.

"Toa hayo mawe. Jiwe linapasuka bila kukwambia."

"Jeki si ipo?"

"Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Leta magogo ya mwerezi, yale mapana. Yapange mawili hivi, mawili hivi, yapishane. Weka chini ya ekseli, hicho chuma kinachobeba magurudumu. Halafu utikise gari kabla hujaingiza hata kidole."

Kimaiyo akafanya hivyo, pande zote mbili. Uwanja ulikuwa sawa na mgumu. Aliyazuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, mbele na nyuma. Akalegeza breki ya mkono ili ngoma ya breki itoke. Akafungua boliti, akachomoa chuma kirefu cha ekseli. Akafungua nati kubwa. Gurudumu likatoka zima, zito kama ndama, na katikati yake ndipo zilipokuwa beringi: moja ya ndani na moja ya nje.

Wakaziosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai. Amarjit akaishika moja kwenye mwanga.

"Njoo, mama, uone."

Cheptoo akasogea. Aliona pete ya chuma, na kuizunguka vipande vya mviringo vilivyopangwa kama mahindi kwenye gunzi. Vingine vilikuwa vya buluu kwa kuungua. Vingine vilikuwa na vishimo. Amarjit akaizungusha kwa kidole, ikakwaruza.

"Hii ndiyo ilikuwa inavuma chini yangu," Cheptoo alisema.

"Hiyo hiyo. Wewe ulisikia wa kwanza. Sauti inayozidi kwenye kona, mtetemo, gurudumu kucheza, moto katikati. Hizo ndizo alama. Ukisikia moja, usingoje ya pili."

Kimaiyo alikuna kichwa. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu anayeomba radhi.

"Haya mabakuli yake niyaache?" aliuliza, akigusa pete zilizobaki ndani ya gurudumu. "Yamekaza sana, tena yanang'aa."

"Pitisha ukucha."

Kimaiyo akapitisha. Ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo.

"Beringi mpya ndani ya bakuli la zamani haimalizi mwezi. Zinanunuliwa pamoja, zinafungwa pamoja. Toa yote."

Waliyatoa kwa kugonga taratibu kwa kipande cha shaba nyekundu, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Kisha wakafungua gurudumu la kushoto, kwa sababu nalo lilikula mafuta ya kondoo. Beringi zake zilikuwa bado hazijaungua, lakini zilikuwa zimeanza kushika kutu.

"Hizi nazo zinabadilishwa," Amarjit alisema. "Na usimwambie mwenye duka 'nipe beringi ya lori'. Malori ni mengi. Hapa pembeni pamechongwa nambari. Beba zile za zamani mkononi mwako."

Alhamisi Kimaiyo alipanda treni Molo hadi Nakuru, beringi zimefungwa kwenye kitambaa kama mayai. Alikwenda duka la vipuri la Bhupendra. Bhupendra alisoma nambari, akapanda ngazi, akashuka na vikasha. Wakalinganisha, ya zamani na mpya, moja moja. Kimaiyo alirudi na beringi zote na mabakuli yake, na sili mpya za kuzuia grisi isivuje, na lainingi mpya, zile bapa zinazosugua ngoma ya breki, na kopo kubwa la grisi ya magurudumu. Alitembea kutoka stesheni akilibeba lile kopo kifuani.

Jumamosi jua lilikuwa zuri. Amarjit alikuja na mkewe, Bhagwanti, ambaye alileta chai ya tangawizi na kukaa na mzee Kosgei kivulini. Hawakuelewana maneno mengi, lakini walicheka sana. Nani alijua walicheka nini?

Kwanza walipangusa kila kitu. Kisha wakagonga mabakuli mapya kwa shaba, taratibu, hadi yakakaa sawa chini kabisa. Lainingi za breki zilizolowa mafuta Amarjit alizitupa.

"Ukizikausha juani zinaonekana nzima," alisema. "Zikipata moto, mafuta yanatoka tena." Akafunga nyingine mpya. Ngoma za breki wakaziosha hadi zikakauka kabisa.

Ikafika kazi ya grisi. Kimaiyo akachota kwa vidole, akaipaka beringi juu juu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate.

"Hapana, hapana," Amarjit alisema. "Nje pamependeza, ndani ni njaa. Weka grisi kwenye kiganja. Shika beringi, upande mpana ukae chini. Sukuma kwenye kiganja, sukuma, mpaka grisi itokee upande wa juu, katikati ya kila kipande. Halafu zungusha, uanze tena."

Kimaiyo akajaribu. Grisi ikamwagika kwenye mkono, ikaingia hadi kwenye kiwiko. Beringi ikamponyoka, bahati akaidaka.

Cheptoo alikuwa akitazama. Miaka mingi alikuwa amesukuma mafuta ndani ya ngozi za kondoo na mbuzi kwa kiganja, hadi ngozi ikalainika kama kitambaa. Alijua mafuta yanayokaa juu na mafuta yaliyoingia. Akanawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri.

"Niletee," alisema.

Kimaiyo alisita. Kisha akampa.

Cheptoo akaweka grisi kwenye kiganja cha kushoto. Akaikandamiza beringi, akaivuta, akaikandamiza. Mara ya nne grisi ikachomoza juu kama uji unaochemka. Akazungusha kidogo. Akaendelea, hakuruka hata kipande kimoja. Alipomaliza alimpa Amarjit.

Amarjit aliigeuza huku na huku. Akamtazama Kimaiyo.

"Bwana, fundi wako ulikuwa naye nyumbani."

Bhagwanti alipiga makofi kule kivulini. Cheptoo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo. Akajaza zote nane... hapana, nisiongeze chumvi: zilikuwa nne, mbili kila upande. Lakini yeye baadaye alipenda kusema nane.

Wakaweka beringi za ndani, wakafunga sili mpya, wakarudisha gurudumu la kulia. Wakaweka beringi ya nje na ile nati kubwa. Kimaiyo akachukua spana ndefu, akajitundika juu yake kwa uzito wote.

"Acha!" Amarjit alimshika bega. "Unaiua kabla haijatembea. Ukikaza sana inaungua. Ukilegeza sana inacheza. Mama, zungusha gurudumu. Wewe, kaza pole pole."

Cheptoo akazungusha. Kimaiyo akakaza. Gurudumu likaanza kuwa zito.

"Simama hapo. Sasa legeza kidogo. Kidogo tu. Zungusha tena, mama. Sasa litikise."

Lilizunguka jepesi, bila sauti. Halikucheza. Amarjit akaonyesha namna ya kukunja ulimi wa kibati pembeni ya nati ili isijifungue yenyewe. Ekseli ikarudi, boliti zikakazwa. Wakafanya la kushoto, na mara hii Amarjit alikunywa chai tu.

Kimaiyo akaendesha hadi kiwandani na kurudi. Akajaribu breki mara tatu, zikashika sawasawa.

"Gusa katikati ya gurudumu," Amarjit alisema. "Kiganja kikikaa, kuna vuguvugu tu, ni sawa. Kikikataa kukaa, umekaza sana. Kesho ukisimama popote, gusa. Na baada ya safari ya kwanza, inua utikise tena."

Jumapili waliondoka asubuhi. Safari hii mzee Kosgei alisema Cheptoo akae mbele, katikati yao.

"Anionee vizuri nisipoona mimi," alisema.

Walishuka ule mteremko. Cheptoo alishikilia kiti, lakini lori lilishuka kwa adabu. Molo walisimama. Kimaiyo akagusa gurudumu la kulia, akagusa la kushoto. Vuguvugu. Walipofika chini, hewa ikawa na joto, vumbi likawa jeupe. Akagusa tena. Vuguvugu. Lori lilikuwa bado likikohoa mbele, hiyo ilikuwa tabia yake. Lakini chini palikuwa kimya.

Kipkoech aliwangoja langoni. Akasimama kwenye kibao cha kupandia, akawaelekeza ndani.

Mkonge. Mistari ya mkonge, kulia na kushoto, hadi macho yanapochoka. Mzee Kosgei aligeuza kichwa huku na huku akitafuta kwa kile kitundu chake kidogo. Cheptoo aliona mdomo wake ukikaza.

"Palikuwa na mtini mkubwa," mzee alisema.

"Miti yote ilikatwa, mzee," Kipkoech alijibu kwa upole. "Kabla yangu."

"Na zizi la ndugu yangu Kiptanui?"

"Sijui, mzee. Ni mkonge tu."

Walienda mbele. Walirudi nyuma. Kila mstari ulifanana na mwingine. Mzee akaweka mikono juu ya fimbo.

"Nimechelewa," alisema. "Hakuna kitu hapa ninachokijua."

Kimaiyo aliendelea kuendesha polepole kwa sababu hakujua kufanya lingine. Njia ikainama kidogo. Ghafla mzee akainua kidole.

"Simama. Zima."

Injini ikanyamaza. Wote wakasikiliza. Kulikuwa na sauti ndogo upande wa kushoto. Maji yalikuwa yakipita juu ya mawe.

"Nisaidieni kushuka."

Cheptoo alimshika mkono, lakini mzee ndiye aliyeongoza. Alipita katikati ya mistari ya mkonge bila kuuliza, hatua zake zikawa za haraka. Wakatokea kwenye mto. Mto ulijikunja pale, na kwenye mkunjo palikuwa na mwamba mpana, mweusi, uliolainika. Ng'ambo ya pili ukingo wa mlima Menengai ulionekana, mrefu, wa buluu.

Mzee Kosgei aligeuza uso upande, akalielekeza jicho la kushoto kwenye ule mwamba. Akatazama. Akatazama sana.

"Huu," alisema. "Mama alianika mtama hapa. Kiptanui aliteleza pale akavunja jino, akaniambia nisimwambie mtu. Nyumba yetu ilikuwa nyuma yenu hapo mliposimama. Mlango ulitazama ule mlima."

Kimaiyo na Cheptoo waligeuka pamoja. Palikuwa na mkonge. Lakini walitazama kama watu wanaoiona nyumba.

Alikaa juu ya mwamba hadi jua lilipoanza kuinama. Hakuna aliyemharakisha. Aliwataja watu wote waliokaa pale, mmoja mmoja, na watu wengi kati yao Kimaiyo alikuwa hajawahi kusikia majina yao. Cheptoo alilia, na hakujificha. Mzee alikuwa ameona. Hilo lilimtosha, na lile jiwe alilobeba moyoni tangu Jumapili iliyopita likamtoka.

Mwishowe mzee alijiinua kwa fimbo. Akapapasa mwamba kwa kiganja mara moja.

"Haya," alisema. "Twendeni nyumbani."

Cheptoo akashtuka, akamtazama mumewe. Kimaiyo naye alikuwa amesimama wima. Miaka yote waliyokaa Keringet, mzee alipaita kule juu, ama kule tunakokaa. Hakuna hata siku moja aliyopaita nyumbani.

"Ndiyo, baba," Kimaiyo alisema. Akamshika mzee mkono wa kulia, Cheptoo akamshika wa kushoto, wakarudi kwenye lori.